Bi Time Asiyeshika Kipande

Mimi nina maneno na mtu yeyote anayesema kuimba si kazi. Watoto wangu wanalijua hilo, wakwe zangu wanalijua, hata yule fundi kijana aliyekuja kunitilia saruji ukumbini juzi analijua sasa. Alisema mbele yangu kuwa zamani wanawake wa Pemba "walikuwa wakienda kuimba kwenye majengo". Nikamwambia weka mwiko chini, kaa. Saruji yake ikaanza kukauka kwenye karai nami sijamaliza. Basi na wewe kaa, nikueleze habari za Bi Time binti Shaame, kisha uniambie kama ile ilikuwa kazi au haikuwa.

Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, wa Pujini kwetu. Mume alikuwa keshakufa, mtoto hakujaaliwa, na nyumba yake ilikuwa ya udongo, vyumba viwili, makuti kayasuka mwenyewe. Mimi naitwa Tatu, binti Nyange. Babu yangu alivuka kutoka bara kuja kuchuma karafuu, akabaki, nasi tukawa majirani wa Bi Time, ua kwa ua. Nilipokuwa na miaka kumi na minane, na kisirani cha miaka hiyo, yeye ndiye aliyenitia kwenye kazi ya kupigilia sakafu.

Kwa asiyeijua kazi hiyo, ni hivi. Nyumba ya mawe siku zile haikuezekwa kwa bati. Mafundi walipanga boriti za mikoko, juu ya boriti wakapanga mawe, na juu ya mawe wakamwaga zege la chokaa, udongo mwekundu na kokoto. Hapo yao imekwisha, inaanza yetu. Tunapanda wanawake ishirini, kila mmoja na kipande chake mkononi, yaani gogo fupi lililochongwa bapa, lenye mpini. Tunachuchumaa kwa safu na kuipiga ile sakafu kutwa, siku tatu, siku nne, mpaka ishikane iwe jiwe moja na mvua isipate pa kupita.

Lakini vipande lazima vishuke pamoja. Vikishuka pamoja zege linashindiliwa sawasawa. Kila mtu akipiga kwa wakati wake, huku unashindilia, kule unafumua, na mwisho una sakafu yenye uso mzuri na tumbo bovu. Sasa wanawake ishirini watashushaje mikono kwa pamoja tangu asubuhi mpaka alasiri? Hapo ndipo alipokuwa Bi Time.

Yeye alisimama mbele yetu akatoa wimbo, sisi tukaitikia, na kule kuitikia ndiko kulikoshusha vipande. "Nyumba hii ya nani?" anauliza yeye. "Ya wana!" tunajibu, na kwenye hiyo "wana" vipande ishirini vinatua. Macho yake hayakuwa kwetu, yalikuwa kwenye zege. Likiwa bichi alitoa wimbo wa polepole, wa kubembeleza, tusije tukayapandisha maji juu. Likianza kushika aliuharakisha. Akiona mtu mkono umechoka, aliingiza ubeti wa kumtania, watu wanacheka, kumbe katupumzisha. Mwanakhamis, aliyekuwa mnene kuliko sote, ndiye aliyetaniwa sana, na ndiye aliyempenda sana.

Kipande chenyewe Bi Time hakushika. Zamani alishika na kuimba vyote viwili, mpaka alipoanguka kwenye jukwaa Mkoani, bega la kulia likatoka mahali pake na halikurudi vizuri. Tangu hapo sisi tukapiga, yeye akaimba, na ujira akapata kama sisi. Hapakuwa na mtu aliyelisema hilo kwa ubaya. Mwenye kujenga alipotaka watu wa sakafu alimpelekea Bi Time salamu, na Bi Time akapita nyumba hadi nyumba kuchagua. Hakuchagua wenye nguvu. Alichagua wanaosikilizana, na waliogombana kisimani asubuhi hakuwaweka safu moja jioni.

Ila mwenyewe alikuwa na donda moyoni. Siku moja tunachambua mchicha uani, akaniambia, "Tatu mwanangu, mie nakula jasho lenu." Nikamwambia asiseme hivyo. Akasema, "Nyie mnarudi mikono imevimba. Mie narudi koo limenikauka tu. Ipo siku mtu ataniuliza, na sijui nitamjibu nini."

Tena alikuwa na ndugu yake wa kiume, Jecha, mdogo wake, mkulima wa Chokocho. Mtu mwema, tena mwema wa kuchosha. Mume wa Bi Time alipokufa na eda ikamalizika, Jecha alimchukua kwake miezi minne. Hakuna aliyemtukana huko. Alipewa samaki mzuri, alitandikiwa kitanda kizuri, na hakuachiwa hata ufagio. Akishika mchi, mke wa Jecha anampokonya: pumzika, wifi. Akitaka kuteka maji, watoto wanakimbia na ndoo. Bi Time aliniambia alikaa pale mpaka akaanza kusahau mikono yake inafaa kwa nini, akarudi Pujini kwa miguu yake akisema bora alale na njaa kwake.

Jecha hakukata tamaa. "Dada," alimwambia, "mwanamke peke yake kwenye nyumba ya makuti, watu watanisema." Bi Time akamjibu kuwa yeye ni mtu wa kazi, ameajiriwa. Basi Jecha akamwekea neno: "Sawa. Siku kazi ikikukataa, nakuja na gari la ng'ombe, nakuchukua wewe na kitanda chako." Na sisi tuliomjua Jecha tulijua kuwa akisema anakuja, anakuja.

Mwaka wa hamsini na tisa, kiangazi cha kaskazi, tajiri mmoja wa Chake Chake aliweka wakfu nyumba ya wazazi, wanawake wapate pa kujifungulia. Akataka iwe ya mawe na sakafu juu, kama nyumba aliyozaliwa mwenyewe. Mkandarasi wake akamleta nyapara kutoka Unguja, Bwana Mbarouk. Kijana msafi, kalamu sikioni, daftari kwapani. Hakuwa mtu mbaya, nasema mapema usije ukamchukia bure. Alikuwa amefanya kazi kwenye majengo makubwa ya mjini, na huko alijifunza kuwa mtu wa kazi ni yule unayemwona akitoka jasho.

Huyu hakupeleka salamu kwa mtu. Alitangaza sokoni tu kuwa Jumamosi asubuhi anaandika wanawake wa kupigilia, anayetaka apange mstari. Tukatoka Pujini alfajiri, kundi zima, Bi Time mbele. Tukamkuta kakaa nyuma ya sanduku la misumari, daftari wazi, na kando yake lundo la vipande. Kila anayefika anataja jina, linaandikwa, kisha anachukua kipande anapiga mara tatu chini.

Mwanakhamis alipoona mambo ni hayo, alimsukumia Bi Time kipande mkononi. "Shika tu, Bi Time," akamnong'oneza. "Piga kwa mkono wa kushoto, hatajua." Bi Time akakishika. Akafika mbele, akataja jina. Bwana Mbarouk akasema, "Haya bibi, piga nione." Bi Time akakitazama kile kipande, kisha akainama akakiweka chini polepole.

"Mwanangu, mie sipigilii," akasema. "Bega langu bovu. Mie natoa nyimbo, hawa ndio wanaopiga."

Bwana Mbarouk akadhani anatania. Alipoona hatanii, akacheka, na vibarua wa mawe waliokuwa nyuma yake wakacheka naye. "Bibi yangu," akasema, "hili ni jengo, si harusi. Mimi naandika watu wa kazi." Akapitisha mstari juu ya jina ambalo wino wake haujakauka.

Tungeweza kuondoka sote. Nimelifikiri jambo hilo miaka mingi, na kweli yake ni kwamba hakuna aliyeondoka. Mwatum alikuwa na mume mgonjwa, Mwanakhamis alikuwa na watoto sita, mimi nilikuwa na tamaa tu. Bi Time mwenyewe akatutoa aibu. "Kaeni mfanye kazi," akasema, "msinifanyie makelele ya bure." Akajifunga buibui lake akarudi Pujini peke yake, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu. Siku ya tatu yake Jecha keshapata habari, na salamu zikaja kutoka Chokocho: dada afunge vyombo, Alhamisi ya wiki ya pili gari litakuwa mlangoni.

Bwana Mbarouk alikuwa na jambo jingine la mjini. Alitundika kwenye kamba, pale chini ya ngazi, doti ya kanga nyekundu mpya, bado inanukia duka. Akasema kila Alhamisi atakayekuwa amepiga kwa bidii kuliko wenziwe atatajwa jina mbele ya watu wote na atapewa doti kama hiyo. Kwao Unguja, alisema, hilo linawatia watu moyo.

Likatutia moyo kweli, kefule. Asubuhi ya kwanza Mwanakhamis alijaribu kutoa wimbo. Hakuitikiwa, maana anayeimba anavuta pumzi, na anayevuta pumzi anaichelewa kanga. Kila mtu akainamisha kichwa akapiga lake. Ukisikia mwenzio kaongeza, na wewe unaongeza. Bwana Mbarouk anazunguka nyuma yetu na daftari, anatikisa kichwa kwa furaha, anaona jasho linavyomwagika. Siku ya pili Mwatum na Mwanakhamis walitukanana, mmoja kakaribia kumponda mwenziwe vidole. Siku ya nne hatukuwa tukisalimiana.

Na aliyeshinda ni mimi. Alhamisi alasiri Bwana Mbarouk alisoma kwa sauti, "Tatu binti Nyange," nikaenda mbele, nikapokea doti yangu. Hakuna aliyepiga makofi ila wanaume. Ijumaa nikaivaa. Ninalolionea haya mpaka leo ni kwamba nilipita nayo mbele ya nyumba ya Bi Time, na palikuwa na njia nyingine. Alikuwa kibarazani anafunga masufuria yake ndani ya mkeka. Akanitazama, akasema, "Imekupendeza." Nikaenda zangu.

Jumamosi akapanda Fundi Othman. Huyu alikuwa mkubwa wa waashi, mtu wa maneno machache, na wiki ile yote alikuwa akimalizia kuta za nyuma. Alipanda na nyundo, akaanza kugonga sakafu kwa mpini, hatua kwa hatua, sikio kalitega. Sakafu iliyoshikana inatoa sauti fupi, kavu. Isiyoshikana inatoa sauti nzito ya chini kwa chini. Kila aliposikia ile nzito alichora duara kwa mkaa. Alichora duara nyingi mpaka mkaa ukamwishia.

Akafika mahali pangu. Pangu palikuwa pazuri kuliko pote, panang'aa, laini. Akagonga mara moja, akamwita kibarua na sururu, akamwambia achimbe kidogo. Nilikuwa nimepiga kwa nguvu mno zege likiwa bichi, maji na chokaa yote nikaipandisha juu, chini zikabaki kokoto tupu zinazochoteka kwa mkono. "Hapa palikuwa pa nani?" Fundi Othman akauliza. Wote waliitazama kanga yangu tu, na ningeweza kuzama pale kwenye zile kokoto ningezama.

Bwana Mbarouk hakutugombeza. Uso ulimwiva, kisha ukapauka. Mkandarasi na tajiri wangekuja Alhamisi kuiona sakafu. Akasema siku hiyo hiyo pafumuliwe pote palipochorwa, Jumapili alfajiri zege limwagwe upya nasi tupigilie, na kama hatuwezi ataomba wanaume kutoka Unguja na sisi sote twende makwetu. Fundi Othman akafuta mikono yake. "Bwana Mbarouk, hawa nawajua," akasema. "Wamenipigilia sakafu tano na hakuna iliyovuja. Ila wewe umeacha mmoja nje."

"Yule wa nyimbo?"

"Huyo huyo."

"Siwezi kumwandika mtu wa kuimba," Bwana Mbarouk akasema. "Mkandarasi akiniuliza nitamwambia nini?" Fundi Othman akanyanyua mabega akashuka ngazi.

Jioni ile ile nikaenda kwa Bi Time. Kanga niliivua njiani nikaibana kwapani. Chumba chake kilikuwa kitupu, kitanda kimeshafunguliwa kamba, kimebaki miti. Nikamweleza yote, na nikaanza kulia, maana nilikuwa nimechoka na nina haya. Nilidhani atanibembeleza. Alinikemea.

"Mmefanya nini?" akasema. "Watu watalala pale na uchungu, watoto watatokea duniani chini ya sakafu ile, nanyi mmepiga kwa ajili ya kanga? Sijakufundisha hivyo mie."

"Hukuwepo," nikamwambia, na kisirani changu kikapanda juu ya machozi. "Tungefanyaje? Hukuwepo."

Nadhani lile lilimwingia mahali ambapo maneno yetu yote ya kumfariji hayakuwahi kufika. Akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa, akafikiri. Kisha akasema, "Kesho nakuja."

"Amekukataza, Bi Time."

"Amenikataza jengo. Barabara si yake." Akasimama akaanza kutafuta mwavuli wake ndani ya mizigo. "Jecha aje Alhamisi kama atakavyo. Nikienda Chokocho nitakwenda, lakini siendi na sakafu mbovu nyuma yangu."

Jumapili asubuhi tulikuwa juu, zege jipya limemwagwa, vipande mikononi, kila mmoja anamwogopa mwenziwe kuanza. Tukasikia sauti kutoka chini, ng'ambo ya barabara, "Nyumba hii ya nani?" Nikachungulia. Bi Time alikuwa amesimama kando ya lundo la mawe yaliyobaki, mwavuli mweusi juu, uso kautazamisha kwetu ingawa alipokuwa hakuweza kuiona sakafu hata chembe. Mwanakhamis akajibu peke yake, "Ya wana!" na kipande chake kikatua. Mara ya pili tulijibu watano. Mara ya tatu tulijibu sote, na sakafu ikatoa sauti moja. Sikuwa nimeisikia sauti ile wiki nzima, na moyo wangu ukatulia kama wa mtu aliyefika nyumbani.

Bwana Mbarouk alishuka mbio akatoka barabarani. Mimi sikumsikia akisema, lakini kibarua wa mawe alikuwa pale akatuhadithia baadaye. Bwana Mbarouk alimwuliza Bi Time amekuja kufanya nini. Bi Time akamjibu, "Nimesimama barabarani, mwanangu. Kuna katazo?" Bwana Mbarouk akasema hapana. "Basi," Bi Time akasema, akaendelea. Watu waliokuwa wakienda sokoni wakasimama kusikiliza, na mwenye baiskeli mmoja akaanza kuitikia pamoja nasi. Bwana Mbarouk akarudi juu akasimama nyuma ya safu, mikono nyuma. Hakuandika kitu. Alikuwa anatazama vile vipande vinavyonyanyuka pamoja na kushuka pamoja.

Yapata saa nne wimbo ukakatika katikati. Bi Time alikuwa ameinua mkono. "Simamisheni," akapaza sauti. "Upande wenu wa kusini, pembeni. Maji yanapanda."

Sote tukageuka. Bwana Mbarouk alikuwa amesimama hatua mbili kutoka pembe hiyo na hakuona kitu. Akachutama, akaweka kiganja juu ya zege, akakigeuza. Kilikuwa kimelowa. Safu ya mwisho ilikuwa imepiga kwa pupa, na maji yalikuwa yanaanza kupanda, vilevile yalivyopanda kwangu. Robo saa zaidi na pembe ile ingeharibika. Akakitazama kiganja chake muda mrefu, kisha akashuka ngazi taratibu, si mbio kama mara ya kwanza.

"Bibi," akamwuliza, "umejuaje na wewe uko chini?"

"Sauti ilibadilika," Bi Time akasema. "Zege lililolowa halijibu, linanyamaza."

Bwana Mbarouk akauchukua mwavuli kutoka mkononi mwake, akaufunga, akampisha mbele kwenye lango. Ngazi aliishika yeye mwenyewe wakati Bi Time anapanda, na alipofika juu tulikuwa tunataka kumkumbatia, lakini alituambia tusikanyage zege.

Mchana, wakati wa kupumzika, Bwana Mbarouk akaja na daftari akakaa chini, si juu ya sanduku. Akaandika jina la Bi Time upya. Kisha kalamu ikasimama. "Hapa panataka kazi ya mtu," akasema. "Nitaandika mpigilia, kama wenzako. Hakuna atakayeuliza."

"Usiandike hivyo," Bi Time akasema. "Mie sipigilii. Sitaki kuandikwa uongo." Nikadhani atajiharibia tena, nikamkanyaga mguu kwa siri. Akauondoa mguu wake.

Bwana Mbarouk akafikiri, akatazama sakafu, akatutazama sisi, akaandika. Akasoma: "Time binti Shaame. Msimamizi wa sakafu."

Bi Time akalisogelea daftari. Alikuwa ameshikilia bega lake bovu kwa mkono wa kushoto, kama alivyozoea linapomuuma. "Hebu soma tena," akasema. Bwana Mbarouk akasoma tena. Machozi yalikuwa yanamtoka Bi Time na hakujishughulisha kuyafuta. Nami nililia, na Mwanakhamis alilia, na Mwatum akamshika Mwanakhamis mkono, wao waliotukanana kwa sababu ya vidole.

Baada ya hapo alitupanga upya. Mwatum na Mwanakhamis akawatenganisha siku moja zaidi, akisema hasira ina mabaki. Mimi akaniweka pembeni kabisa, mahali pa wanaojifunza, mpaka mkono wangu uisahau kanga. Niliudhika, nami nilistahili. Bwana Mbarouk alipomwuliza wiki hii nani apewe doti, alimjibu kuwa hajaona aliyempita mwenziwe, na kama ana cha kutoa basi anunue halua na kahawa tule sote. Jumatano Fundi Othman akagonga sakafu yote kwa mpini, mwanzo mpaka mwisho, na mkaa wake ukabaki mfukoni.

Alhamisi asubuhi mkandarasi na tajiri wakaja, wakapanda, wakatembea juu yake na viatu vyao, wakashuka wameridhika. Alasiri tukaketi kivulini mwa ukuta, halua katikati kwenye sinia, na Bwana Mbarouk akasimama akayasoma majina yetu yote ishirini na moja, moja moja, la kwanza la Bi Time. Hapo ndipo gari la ng'ombe lilipoingia.

Jecha alikuwa ametoka Chokocho usiku, akapitia Pujini, akakuta mlango umefungwa, akaambiwa dada yako yuko Chake kwenye jengo. Ndani ya gari alikuwa ametandika majani makavu, dada yake asiumie njiani. Hakutuona sisi pale kivulini. Alimwendea mwenye daftari. "Asalamu alaykum, bwana," akasema. "Nimekuja kumchukua dada yangu. Nimesikia kazi imemkataa."

"Dada yako ni nani?"

"Time binti Shaame."

Bwana Mbarouk akafungua daftari akamwonyesha mstari wa kwanza kwa kidole, na kwa kuwa Jecha hakujua kusoma akamsomea. "Huyu mimi ndiye niliyemkataa," akasema, "na niliona matokeo yake. Mwezi ujao tunaanza jengo jingine Mkoani. Mkandarasi keshasema nisiandike mwanamke yeyote huko mpaka dada yako amchague."

Jecha akageuka, akamwona. Bi Time alikuwa amesimama, kikombe cha kahawa mkononi, hana hofu na hana majivuno. Wakatazamana. Jecha alivua kofia, akajikuna kichwa, akaivaa tena. Nilidhani atakasirika kwa safari yote ile ya bure, na nilikuwa nimeshapanga maneno ya kumpa.

"Gari litarudi tupu, Jecha," Bi Time akasema.

"Naona, dada," Jecha akasema. Akatazama ng'ombe wake. Kisha akasogea, akapunguza sauti kama mtu anayeomba kwa mkubwa wake. "Yule binti yangu Duni ametimiza miaka kumi na saba. Yuko nyumbani tu, kila akishika kitu mama yake anampokonya. Unaweza kumtafutia nafasi?"

Bi Time akaiweka kahawa chini. Nadhani hakuwa ametegemea swali hilo kwa mtu yule maishani mwake. "Mlete Jumamosi," akasema. "Sitamchukua kwa kuwa ni mwanao. Nitamsikiliza kwanza."

Jecha akasema ahsante. Jumamosi, jua linachomoza, Duni alikuwa kibarazani kwa shangazi yake, kajifunga kanga mbili, mikono kainyoosha mbele ionekane kuwa ina nguvu. Bi Time hakuitazama mikono. Alimwambia akae, avute pumzi, aimbe.